Kiuno cha Mke Mwenzangu

Chikongola, Mtwara

Kwako dada Zainabu,

Shikamoo. Natumai wote hapo Pangani mmeamka salama, na mvua haijawafikia vitandani. Mimi mwili wangu mzima. Moyo usiuulize, maana safari hii sikuandikii kwa mapenzi.

Barua yako ya kuniambia nivumilie niliisoma mpaka mwisho, kisha nikawashia nayo moto wa chai. Wewe ndiye uliyenisifia Selemani: karani wa bandarini, mtu wa swala, mpole. Mke mkubwa, ukasema, yuko shamba Mahurunga, hamtaonana. Basi sikiliza tulivyoonana.

Mavuno yalipoanza huko Mahurunga, ndege ya vita ya Wareno wa Msumbiji ilipita chini chini juu ya mto Ruvuma. Wanawake wakatupa vikapu wakakimbia. Bi Somoe, mke mwenzangu, hakutupa chake. Alikimbia na mpunga kichwani, akateleza, akaanguka kitako juu ya tuta. Selemani akamleta mjini kwa lori, amejipinda upande, mkono mmoja gotini. Hospitali wakasema hakuvunjika mfupa, achuliwe na afundishwe kutembea upya. Selemani akamlaza kitandani kwangu.

"Mama yako mchuaji, nawe umerithi," akaniambia. "Kazi hiyo."

"Ana ndugu zake. Waite."

"Nakwambia wewe."

Nikamchua, dada, asubuhi na alasiri, kwa mafuta ya ufuta yaliyopashwa moto, kama mama alivyotufundisha. Alilalamikia mgongo, lakini mgongo ulikuwa unasingiziwa tu. Nilipomsimamisha niliona uzito wote kautupa mguu wa kulia, nyonga ya kushoto imepanda, bega limeshuka kuifuata. Nikauacha mgongo, nikaingia kwenye nyonga kwa kiwiko, polepole, mpaka nyama ikaachia. Kisha nikawa namsimamisha ukutani, visigino na mabega yaguse, avute pumzi, ahamishie uzito mguu huu, ahamishie ule, ndipo apige hatua.

Alinitukana muda wote. "Mikono ya mtu aliyelelewa kivulini," akasema. "Unanichua au unanitafuta roho?"

"Nina haraka upone," nikamjibu, "nipate kulala kitandani kwangu."

Ilikuwa kweli. Sijawahi kumchua mtu ninayempenda kwa bidii ile.

Akapona. Nyonga ikashuka, akasimama sawa. Lakini Selemani akirudi kazini, Bi Somoe hujikunja, huburuta mguu, hushika ukuta. Selemani akitoka, nasikia nyayo za Bi Somoe uani, mguu kwa mguu, hazina tofauti. Nikimgusa, nyama ni laini kama ya mtu aliyetoka usingizini. Nikamwambia Selemani tukiwa tunakula.

"Wivu huo," akasema, hakuinua hata macho. "Ameumia shambani kwangu, wewe unasema anaigiza."

Siku ya pili nikafunga mlango, tukabaki wawili. Alikuwa amelala kifudifudi, nimeanza kumpaka mafuta. Nikamwambia, "Umepona. Inuka uende kwako."

Hakugeuka. "Niende wapi? Tangu niolewe nainama kwenye mpunga wa mtu yule. Napanda nimeinama, napalilia nimeinama, nakata nimeinama. Wewe unaula hapa umekaa kwenye kiti, mgongo wima. Sasa ainame mwingine."

Alisema kweli, na hilo ndilo lililonichoma zaidi. Kiwiko changu kilikuwa pale pale palipokuwa pakimuuma. Nilitamani kukididimiza mpaka mtaa mzima usikie sauti yake. Nikakiondoa, nikajifuta mafuta, nikatoka nje. Tangu hapo sikumgusa tena.

Haikupita muda Selemani akasema, kwa kuwa mwenzangu haponi, mimi niende Mahurunga nikamalizie kuvuna kabla mpunga haujaliwa na ndege. Alisema hivyo huku anavua viatu. Nikamtazama Bi Somoe. Alikuwa anautazama mkeka, na mdomo wake ulikuwa unazuia kicheko.

Hapo nikadai talaka. Selemani akadhani ni hasira za siku moja. Nikadai mbele ya shehe, nikadai mbele ya majirani, nikadai mbele ya wenzake wa bandarini, mpaka aibu ikamshinda, akaniandikia.

Siku ya kuondoka hakunisaidia kitu. Alikaa barazani amenipa kisogo. Nilikuwa navuta sanduku langu la bati mchangani, Bi Somoe akatoka ndani, akalinyanyua, akalitwika. Akapita mbele ya Selemani bila kushika ukuta, shingo imenyooka, nyonga zote mbili sawa. Selemani akasimama. Tukaenda hivyo mpaka Chikongola, yeye mbele, mimi nyuma, nakitazama kiuno kile na kukichukia, na huku najua nimekitengeneza vizuri.

Mlangoni mwa chumba nilichopanga akalitua sanduku.

"Amekuona," nikamwambia.

"Na anione. Mahurunga sirudi, atafute mtu mwingine wa kuinama." Akajifuta jasho. "Usidhani nakushukuru."

"Sikudhani."

Akaondoka. Nami sirudi Pangani, dada, kwa hiyo usinitafutie mume wala nauli. Hapa wachukuzi wa bandarini wananijia na migongo yao, na wake zao pia, hata mama wa mwenye duka la nguo, Mhindi, ananiita kwake. Nakula kwa mikono yangu.

Nisalimie mama, umbusu mikono. Nisalimie mjomba, mvuvi wetu asiyejua kuogelea, na shangazi anayenilelea kuku wangu. Shemeji, mume wako, aliyemkaribisha Selemani barazani kwetu, usimpe salamu zangu. Akiuliza kama nimemtaja, mwambie nimemtaja.

Ni mimi mdogo wako,
Mwanaidi