"Forever" ya Mnadani Sepuka

Mjukuu wangu Salma,

Marahaba. Hapa Utemini sote wazima. Bibi yako anakusalimia.

Unalalamika maneno ya Kiingereza hayakai kichwani? Basi msikilize babu, profesa wa darasa la nne! Mitumba ilipoanza kuingia, niliuza fulana mnadani Sepuka. Mwalimu mmoja alinipa maana za maneno yaliyoandikwa kifuani, mimi nikayatungia mifano ya kuitia wateja. Siku moja binti mmoja akashika ya "forever".

"Maana yake?"

"Milele."

"Mfano?"

"Nitakungoja hapa forever."

Akacheka, akaondoka. Nikangoja mpaka wenzangu wote wakafunga mizigo. Akarudi.

"Kumbe maana unaijua kweli!"

Tunga mifano yako mwenyewe, mama. Mfano wangu huyo jikoni, ananiita, ugali unapoa.

Babu yako