Aanze na Walio Hai

Nyumbani, 6 Mei

Binti yangu,

Salamu nyingi. Hujambo, na hiyo saluni yako haijambo? Mimi mzima, ni magoti tu yanayonidai haki zake kila nikipanda ngazi. Nakuandikia barua kwa sababu kwenye simu unanikatiza, na leo sitaki kukatizwa.

Nimetoka ofisi ya kata na baba yako mdogo. Tulikwenda kwa ajili ya mirathi ya marehemu baba yako. Afisa akasema warithi wote wafike kutia sahihi, kisha akauliza habari za kaka yako. Kabla sijafungua mdomo, baba yako mdogo akajibu: “Huyo alikwenda mjini zamani, hana barua wala salamu. Andika amefariki.” Andika amefariki! Kama anaagiza chai.

Afisa ni mtu wa adabu. Akasema hawezi kumwandika mtu maiti kwa kusikia tu, lazima kwanza litoke tangazo. Basi limebandikwa ubaoni nje ya ofisi: kaka yako asipojitokeza mwenyewe hadi tarehe kumi Juni, atahesabiwa amekufa na mgao utaendelea. Baba yako mdogo si mtu mbaya, ana haraka tu, na haraka haina baraka.

Kaka yako, Bisibisi wangu, hajafa. Nimemzaa mimi, ningejua. Marehemu aliapa tusimtafute, nikanyamaza kwa kulinda amani ya nyumba. Sasa wa kunikataza hayupo. Wewe uko mji huohuo alikokwenda, kwa hiyo funga saluni asubuhi moja uende kwenye ofisi za serikali. Mtu haishi mjini miaka yote hii bila kuandikwa mahali.

Mama yako

*

Mjini, 15 Mei

Mama yangu mpendwa,

Shikamoo. Natumaini magoti yamepoa. Mimi sijambo, ila miguu imevimba, na utajua sababu.

Nilianza masijala ya vizazi, ndoa na vifo. Mlangoni wakanirudisha: nilete barua ya serikali ya mtaa, nakala ya kitambulisho, na maelezo kwa nini namtafuta. Nikaandika, “Mama anamtaka.” Yule karani akasoma, akacheka, akaniambia niandike tena kwa lugha ya ofisi. Ni mama mmoja ana miwani usoni na nyingine kichwani, na siku nzima anatafuta ya tatu. Nimempa jina Mama Miwani.

Mama, unajua wanavyofanya kazi? Wanaanza na vifo. Kila anayemtafuta mtu, kitabu cha kwanza kufunguliwa ni hicho. “Tukimkuta humu,” akaniambia, “hatupotezi muda wako wala wangu.” Kidole chake kikawa kinashuka ukurasa baada ya ukurasa, na mimi nimeshika ukingo wa meza. Sijawahi kuogopa kidole cha mtu namna ile.

Hayumo. Nilitaka kumkumbatia. Lakini kwenye ndoa pia hayumo, na kwenye watoto waliozaliwa hakuna mwenye baba wa jina hilo. Mama Miwani akafunga vitabu akaniuliza, “Mtu gani huyu, hafi, haoi, wala hazai?” Huenda alihama mji. Huenda baba mdogo ana haki ya kuchoka. Usinikasirikie.

Binti yako

*

Nyumbani, 21 Mei

Binti yangu,

Salamu kwako na kwa huyo Mama Miwani. Nimekukasirikia kidogo, kisha nikapika, nikala, yakaisha.

Mwambie aanze na walio hai. Sisi hatutafuti kaburi.

Halafu nisikilize, maana wewe ulikuwa mdogo. Bisibisi alipoacha chuo cha ualimu akaja na redio mbovu za watu, baba yako alimwambia mlangoni: “Kafungue redio zako, lakini jina langu usilitumie tena.” Sasa wewe umekwenda kumtafuta kwa jina gani? Kwa jina la baba yenu! Utampataje? Yule mtoto mkaidi, tena ukaidi wake ni wa kutii. Ukimwambia kwa hasira akae hapo mvuani, atakaa mpaka nguo zimkaukie mwilini.

Atakuwa amechukua jina la baba yangu. Nani alimkalisha kwenye benchi akamwonyesha kufungua saa na kuifunga tena? Babu yenu huyo. Weka jina la kaka yako, fuatisha la babu yako mzaa mama. Na usirudi masijala kwanza. Nenda panapoandikishwa kazi. Ile mikono haikai bure.

Mama yako

*

Mjini, 29 Mei

Mama yangu mpendwa,

Shikamoo, na mara hii nakupigia magoti kabisa. Nimempata.

Nilikwenda idara ya biashara, manispaa. Hawaulizi barua wala sababu, orodha ya wenye leseni imebandikwa kwenye korido, kila mtu asome. Kwenye mafundi wa majokofu nikaliona jina lake na la babu, bega kwa bega. Nikapiga kelele mpaka mlinzi akaja.

Karakana yake iko nyuma ya soko. Nilikuta miguu miwili inatoka chini ya jokofu. Nikasema, “Kaka, serikali inakuua tarehe kumi.” Akajigonga kichwa akitoka. Amenenepa, Mama, na ana mvi. Alinishika mikono yote miwili, akanichafua grisi, tukacheka kama wendawazimu.

Kisha akauliza, “Mzee anajua umekuja?”

Hakuwa na habari. Nikamwambia baba alifariki mwaka jana, aliumwa wiki chache tu. Akakaa chini palepale, akafuta bisibisi kwa kitambaa, akaifuta tena. Nilipomweleza habari za tangazo alinijibu kwa upole: “Waache wagawane. Nyumba ile ilinifukuza, siidai kitu. Kama ni kufa kwenye karatasi, nimeshazoea.” Nimerudi mara mbili, jibu ni hilohilo. Amenipa soda na nauli yangu, hanipi neno.

Nifanyeje? Siku zinakwisha.

Binti yako

*

Nyumbani, 2 Juni

Binti yangu,

Nashukuru kwa kumpata. Nimelia, nimemaliza. Usimbembeleze tena. Msomee haya, asipotaka kusikiliza msomee kwa sauti mbele ya wateja wake:

“Mwanangu, hakuna aliyekuita kwenye nyumba. Siku za soko napita mbele ya ule ubao. Nasimama nasoma kwamba mwanangu anangojewa afe, na watu wananipa pole. Sitaki sahihi yako. Nataka kusema mbele yao, huyu hapa. Baba yako alikufukuza, mimi sikukufukuza. Njoo.”

Basi.

Mama yako

*

Nyumbani, 11 Juni

Binti yangu,

Salamu nyingi. Simu yako ya kwamba amepanda basi niliipata, na huna haja ya kuniuliza hali.

Jana baba yako mdogo alikuwa ameshakaa ofisini na kalamu mkononi. Afisa akasoma tangazo, akauliza kama kuna mwenye neno. Nikasema ninalo, linashuka kwenye basi sasa hivi. Wakaniangalia kwa huruma. Basi lilichelewa, nami nikachelewa nalo, nikawahadithia magoti yangu yote mpaka mlango ukafunguliwa.

Sikuweza kusimama. Alikuja kaka yako mwenyewe akainama.

Hapo afisa akachukua kitambulisho, uso ukambadilika. “Mama, jina la baba hapa si la marehemu. Kisheria huyu si mtoto wake.” Mimi kama mama sitoshi, anatakiwa shahidi wa upande wa baba. Na aliyebaki upande wa baba ni mmoja tu. Sote tukamgeukia.

Baba yako mdogo alimtazama kaka yako usoni. Kaka yako naye akamkazia macho, taya limebana, haombi. Basi mzee yule akamgeukia afisa. “Afisa,” akasema, “huyu ni wa kaka yangu. Ukaidi huu hauuzwi dukani.” Akatia sahihi ya ushahidi, akavua kofia, akafuta machozi nayo.

Kaka yako akaniuliza pembeni, “Alikufa na hasira?” Sikumdanganya. Nikamwambia ndiyo, alikufa nayo, na alimpenda nayo.

Ikabaki fomu ya jina. Afisa akamweleza anaweza kurudia la baba yake au kubaki na la babu. Akashika kalamu, akaandika yote mawili, la baba yake likitangulia. Afisa akalalamika kwamba nafasi haitoshi.

Nikamwambia aongeze karatasi.

Mama yenu