Milima ya Penseli za Rangi

Alhamisi, 3 Juni 1999
Mfaume amerudi. Kashuka kwenye basi la Dar saa saba mchana, na boksi limefungwa kamba ya katani. Mara ya mwisho alikuja Idi, akakaa siku nne. Safari hii anasema amekuja kukaa. Miaka sita anachora vibao vya maduka huko Dar, mimi hapa Kibiti nafundisha darasa la tatu na kumlea Yasmini wetu. Amekonda — kola ya shati imeiachia shingo. Mama yake, Bi Hadija, kamshika mashavu akalia. Mimi nikapokea boksi.
Ndani: tivii ndogo, mashine ya gemu, kaseti moja. Nyumba yenyewe haina umeme.

Jumapili, 6 Juni
Badru mwenye banda la vidio amekubali tuchomeke kwenye jenereta yake kila alasiri, kabla watu wa filamu hawajaja. Yasmini kakaa mbali, mgongo ukutani. Ana miaka tisa, na baba yake kwake ni mtu wa sikukuu.
Nilitaka kuondoka, nikabaki. Gemu lenyewe ni kifaranga kavaa viatu. Anakimbia kwenda kulia tu, anaruka mashimo, anakanyaga konokono, na nchi inamjia mbele. Lakini lilivyochorwa! Kama kazi ya mwanafunzi wangu. Milima imepakwa penseli za rangi, michirizi yote inaonekana, na pengine rangi imevuka mstari au imeacha karatasi nyeupe. Mawingu yana kingo za kutetemeka. Gemu nyingine za Badru zinang'aa kama bati jipya. Hili hapana.
Mfaume akasema aliyechora vile ni fundi hasa, kasoma miaka mingi ndipo akaweza.
"Sasa mbona mlima umepinda?" Yasmini akauliza.
"Kaupinda kusudi, mwanangu."
Mtoto akasogea kidogo.

Jumatano, 9 Juni
Badru kampa Mfaume kazi ya kuandika kibao cha banda. Herufi ya kwanza tu, mkono ukakataa. Badru akasema mbona imependeza. Mfaume akakaa chini, brashi mapajani.
Baadaye akaniambia: yule aliyechora gemu anatetemesha mstari anapotaka. Mimi sitaki, na unatetemeka.
Anakohoa. Bi Hadija anachemsha mwarobaini.

Jumamosi, 12 Juni
Badru hana petroli. Baba na mwana wanaichora ile nchi nyumbani, nyuma ya karatasi za mtihani wa zamani, wanabandika ukutani kwa uji wa muhogo. Yasmini kashikilia ianzie mlangoni iende kulia. Mfaume anachora vilima, yeye anapaka, na akivuka mstari baba anamsifu.
Leo Yasmini kamwita "Baba". Hakuna aliyemwambia. Nilikuwa uani napepeta mchele, nikasimamisha ungo.

Jumatatu, 14 Juni
Nimemuuliza. Yasmini nilimtuma kwa bibi yake.
"Walikupima Dar?"
"Walinipima."
"Ni ule ugonjwa?"
Kaitikia kwa kichwa.
"Lini?"
"Mwezi wa kumi."
Idi ilikuwa Januari. Siku nne. Hesabu hiyo hata darasa la tatu wangeipata.
Akasema aliogopa nitamfungia mlango. Nikamwambia, ningekufungulia, Baba Yasmini, na ningekuuguza. Ungeniachia tu nichague mwenyewe.
Nikatoka kwenda kumchukua Yasmini.

Jumanne, 15 Juni
Sijasema naye. Nimempikia.

Ijumaa, 18 Juni
Bi Hadija kaniita chumbani kwake. Msamehe, mwanangu, mgonjwa haulizwi. Nikamuuliza, "Na mimi, mama?" Mwanzoni hakuelewa. Kisha akaelewa, akajifunika uso kwa kanga.
Alasiri Mfaume hakuweza kufika bandani. Nikaenda na Yasmini. Mtoto kaniwekea vitufe vya mashine mkononi — nikatumbukia shimo la kwanza. Tukacheka sote wawili, na kicheko kikanishtua.
Yeye kafika mwisho. Mwisho kabisa rangi zinapungua. Milima inabaki mistari ya penseli, halafu hata mistari hakuna, kifaranga anakimbia kwenye karatasi nyeupe, anasimama, anatutazama. Basi.
"Rangi zimewaishia?" kaniuliza. Nikasema sijui.
Kakimbia hadi nyumbani kumsimulia baba yake. Mfaume alitaka aambiwe yote: ilianza kuondoka rangi ipi, kijani au buluu? Nilisimama nje ya pazia nikawasikiliza. Sikuingia.

Jumatatu, 21 Juni
Hospitali ya Utete, peke yangu. Wametoa damu. Majibu Alhamisi. Nimemwambia Yasmini nilikwenda ofisi ya elimu.

Alhamisi, 24 Juni
Niko Utete, kwenye benchi la hospitali. Naandika ili mikono iwe na kazi.
Sikumwambia aje. Alfajiri nilimkuta kashavaa, kakaa kizingitini. Garini alitapika kwenye mfuko. Kivukoni watu walimpisha kama mzee, naye ana miaka thelathini na nne.
Waliokuwa mbele yangu wanne, sasa kabaki mmoja. Mfaume yuko mwisho wa benchi, jasho linamtoka. Hatujasemezana tangu mtoni.
Huyo mmoja kaingia.
Mfaume kauliza, "Mama Yasmini, uingie peke yako, au nije?"
Siku kumi nilikuwa na jibu lake, nimelipanga neno kwa neno. Nalitafuta, silioni.
Mlango umefunguliwa. Muuguzi ana karatasi. Kaita: Mwajabu.
Nimesimama, daftari nimeliegemeza ukutani. Muuguzi anangoja. Mfaume anajaribu kuinuka, anarudi kwenye benchi. Mkono wangu wa kushoto umemshika kwapani. Sikuutuma