Barua ya Sina Madai

Jumatatu, 3 Februari 2025

Miezi mitano leo bila mshahara. Mitano! Katibu wa klabu, Benson, kaja mazoezini ananukia pafyumu, anasema tuvumilie, mdhamini yuko njiani. Huyo mdhamini anakuja kwa miguu? Nimedakishwa mashuti saa mbili nzima, halafu chai na andazi moja. Golikipa wa timu ya ligi mie! Mwenye nyumba hapa Kiwalani ananiitaga "staa", na wapangaji wanacheka. Mke wangu Sekela anapima unga kwa kikombe.

Basi. Nakwenda kuishtaki klabu kwenye shirikisho la mpira.

Jumatano, 5 Februari

Nimepeleka malalamiko. Jana wenzangu wote walisema tuko pamoja, Didas, tangulia. Leo simu zao hazipatikani — mijitu mizima! Kapteni Wilfred peke yake ndiye kaja, akaandikisha jina kama shahidi wangu. Tumekula mihogo Temeke, kalipa yeye, sijui katoa wapi.

Jumanne, 11 Februari

Nimetukana mpaka nimejishangaa.

Klabu imejibu. Wameleta barua yenye saini yangu: sina madai yoyote. Na kweli nilisaini! Ilikuwa Januari, dirisha dogo la usajili linafungwa, klabu imezuiwa kusajili mpaka iwalipe wachezaji. Benson akatuambia sainini tu kwamba hamdai, zuio liondoke, tupate straika, tushinde, mdhamini aje, mlipwe. Wilfred akazigawa zile karatasi. Tukasaini ishirini na watatu, huku tunataniana. Kila timu niliyopita tulikuwa tunafanyaga hivyohivyo. Straika mwenyewe hajafunga hata goli moja, na yeye hajalipwa.

Sekela kauliza kama niliisoma kabla ya kusaini. Niliisoma. Hilo ndilo linaloniuma.

Sasa kila kitu kiko kwa Wilfred. Yeye akisema tulisainishwa bila kulipwa, nimepona. Kaniapia atasema.

Ijumaa, 14 Februari

Naandika nikiwa kwenye benchi, nje ya chumba cha kamati. Mwenyekiti kauliza kama saini ni yangu. Nikasema yangu. Akauliza sasa nadai nini. Nikaeleza kuwa tulisainishwa bila kulipwa. Kasema nimlete shahidi, katupa dakika kumi na tano.

Wilfred alikuwa hapa. Benson akampa mkono, wakashuka ngazi wakiongea taratibu. Amerudi sasa hivi. Hakukaa.

"Mdogo wangu, nimepewa ya miezi miwili," kasema. "Na wewe yako ipo. Nina watoto watatu, nisamehe."

Kaondoka. Sikumtukana hata. Mie ninao wawili, na kodi.

Benson kaniwekea karatasi kwenye goti. Inasema nimelipwa miezi yote mitano, nafuta kesi. Bahasha ya hiyo miezi miwili kaishika mwenyewe, anaangalia dirishani. Kalamu hii ninayoandikia kanipa yeye.

Karani kafungua mlango. Anauliza kama nina shahidi au sina.