Mistari ya Blanketi la Baba

Sanduku la Posta 63,
Mbeya, Tanganyika.
14 Oktoba, 1956.

Mpendwa Kaka Philbert,

Pokea salamu zangu na za Mama, ambaye yuko hapa kwangu Ilomba tangu Jumatatu. Hujambo huko Kitwe? Kifua kimepoa? Katika barua yako ya Julai ulisema vumbi la mgodini linakukereketa, na tangu siku hiyo Mama akisikia mtu anakohoa barabarani husimama. Mimi ni mzima wa mwili. Shule inaendelea, wasichana wa darasa langu ni thelathini na wanne, na baridi ya Mbeya imeanza kupungua.

Barua hii inakuja na mzigo. Andendekisye, yule jirani yako aliyekuja kuoa Tukuyu, atapita hapa Jumatano akielekea Tunduma, naye amekubali kukuchukulia. Tafadhali usiufungue kabla hujasoma mpaka mwisho.

Ndani mna blanketi la viraka. Viraka vyenyewe ni nguo za marehemu Baba: shati lake jeupe la Jumapili, suruali mbili za kaki, sweta la kijani lililotoboka viwiko, na koti. Ndilo hilo hilo koti la jeshi alilorudi nalo kutoka vitani. Aliyelikata ni mimi.

Unajua lilikuwa liwe la nani. Siku ya kumaliza matanga ndugu wangekuvika mabegani mbele ya watu wote, nawe ungesimama mahali pa Baba, na shamba la bondeni pale Igowole lingekuwa mkononi mwako. Ndiyo sababu matanga yalisogezwa. Baba alifariki Februari. Tukasema tungoje Pasaka, Philbert atakuja. Pasaka ikapita, tukasema baada ya mavuno. Ndugu walikuwa wakija na kurudi makwao, na koti likaendelea kuning'inia kwenye msumari nyuma ya mlango, Mama akilikung'uta vumbi kila Jumamosi.

Kisha ikaja barua yako. Nilikuwa nyumbani kwa likizo, nikamsomea Mama. Nilipofika pale unaposema umetia sahihi mkataba wa miaka miwili mingine, niliwaza kuuruka mstari ule. Sikuuruka. Mama aliniomba nirudie, nikarudia, naye akaondoka kwenda kuwafungia kuku.

Asubuhi yake alinijia na koti mkononi, pamoja na mkasi wangu wa shule. Vidole vyake vimepungua nguvu siku hizi, kitambaa kizito hawezi kukikata. Nilimuuliza ndugu watasema nini. Akasema, "Kama hawezi kuja kulivaa, basi atajifunika. Kata."

Nikakata. Nilianza na mgongo. Mfukoni nilikuta tumbaku kidogo iliyokauka, nikaimwaga nje, na mpaka leo najuta kuimwaga.

Sikufichi, Kaka. Sikukata kwa utii peke yake. Nilikuwa na hasira nawe, na kila mkasi ulipofunga nilihisi nafuu. Hilo nimeliungama kwa padre, lakini koti halikuwa la padre, kwa hiyo nimeona nikuambie na wewe.

Matanga yalimalizika Agosti. Baba mkubwa Sedekia aliuliza koti la mdogo wake liko wapi, Mama akaleta kikapu cha vipande. Baba mkubwa aliokota kola, akaigeuza huku na huku, akairudisha kikapuni taratibu kama mtu anayerudisha yai. Hakugomba. Alisema tu kwamba shamba la bondeni haliwezi kukaa msimu wa pili bila mwenyewe, na kwamba mwanawe Saulo atalichukua. Mama akaitikia kwa kichwa. Saulo ameshaanza kulima.

Viraka Mama ameviunganisha vyote kwa mkono, miezi miwili, akishona asubuhi tu macho yakiwa hayajachoka. Lakini blanketi lina tabaka tatu: viraka juu, blanketi kuukuu katikati, na kitambaa cha marekani chini. Sharti zishonwe pamoja zisihame, na pale penye koti sindano ya mkono haipiti. Ndipo alipopanda lori akaja nalo Mbeya.

Nilimpeleka kwa fundi Halfani, mwenye cherehani barazani karibu na soko. Baba yake alitoka pwani, naye blanketi la namna hii huliita mfarishi. Mkewe, Bibie, alikaa nasi mkekani tukapiga bandi, tukizishikiza tabaka kwa nyuzi ndefu ili zisiteleze chini ya mashine. Bibie ni mtu wa maneno mengi. Alimuuliza Mama kwa utani mwenye nguo hizi ni mkubwa kiasi gani hata avae koti zito hivi na suruali mbili kwa pamoja. Nikaeleza kwa kifupi kwamba ni nguo za marehemu Baba. Bibie akasogea karibu na Mama, akamtungia sindano.

Fundi alitutaka tuchague mistari ya kupitisha juu. Alileta vitambaa vya mfano alivyovishona zamani: mawimbi, maua, miraba, na mistari inayokatana kama wavu. Alionya kwamba penye koti mishono isibanane, sindano itavunjika. Kisha akanigeukia akasema, "Mwalimu, wewe una mkono wa kuchora. Chora utakacho, nami nitafuata chaki yako."

Mimi nilikuwa na changu moyoni tangu Igowole. Mama na Bibie walipokwenda dukani kutafuta uzi, nilipiga magoti nikachora shamba letu la bondeni. Nilichora matuta kama yalivyo: marefu upande wa mto, yanayojikunja kulikwepa lile jiwe, yanayofupika kuelekea mianzi ya kugema pombe ya ulanzi. Nilichora tuta kwa tuta, na mkono wangu haukusita mahali popote. Nilitaka ulale chini ya matuta hayo. Nilitaka vidole vyako viyapapase, vitambue ni wapi, na usingizi ukuishie.

Mama aliporudi alisimama mbele ya mchoro. Nilidhani hatatambua, maana hajapata kuona shamba limechorwa. Aliinama, akafuata tuta moja kwa kidole mpaka kwenye jiwe, akakizungusha kidole kando ya jiwe. Kisha akachovya pindo la kanga yake katika maji ya fundi ya kupigia pasi, akaanza kufuta.

Nikamwambia, Mama, hilo ni shamba la Baba.

"Naliona," akasema bila kuinua kichwa. "Mimi nimemkatia akalale. Sikumkatia akalime."

Fundi Halfani alijitia kuwa anapaka cherehani mafuta.

Alipokwisha kufuta, Mama alivichukua vile vitambaa vya mfano, akawa analaza shavu juu ya kimoja kimoja na kufumba macho. Bibie akashindwa kujizuia. "Mama wee, unachagua mfarishi au unachagua mchumba?" Mama akacheka, Kaka. Tangu Februari sikuwa nimemsikia. Akajibu kwa Kiswahili chake cha Igowole kwamba mchumba alishampata na akamzika, huyu ni mtoto, na mtoto uso wake unaumia upesi. Maua yalimkwaruza, wavu ulimkwaruza. Alichagua miraba mikubwa iliyo mitupu, kwa kuwa mistari yake ni michache na shavu linapata pa kukaa. Nilichukua rula nikaichora. Nilichora kwa unyoofu kuliko nilivyowahi kuchora kitu chochote shuleni, na chaki ilikuwa ikilowa.

Sindano mbili zilivunjika kwenye koti. Ya tatu ikapita.

Kabla ya kukunja pindo, fundi aliuliza urefu wa mtu. Mama aliinua kiganja akakiweka kwenye nyusi zake, upesi, kama anayejibu swali jepesi. Hapo ndipo kichwa chako kilipofika siku ulipopanda lori, ukiwa na miaka kumi na sita. Fundi akanitazama. Nikamkumbusha Mama kwamba miaka saba imepita. Kiganja kilibaki hewani kidogo, kisha akakishusha polepole.

"Basi sijui urefu wa mwanangu," akasema.

Tulilipima kwa urefu wa Baba, tukaongeza shubiri moja.

Sikuandikii kukuita. Shamba lina mtu, na Mama amenikataza kukulaumu. Nimejitahidi, ingawa utaona pengine nimeshindwa.

Baba mkubwa Sedekia anakusalimu. Alisema hivyo mwenyewe bila kuombwa. Saulo pia anakusalimu, kwa aibu kidogo. Mama mdogo Verediana anakutaja katika rozari kila jioni, na fundi Halfani na Bibie, ambao hawakujui, wanakuombea afya.

Mama yeye ana agizo moja. Blanketi likifika, lala, ulivute mpaka kidevuni, kisha utazame miguu yako. Anataka kujua kama linafika. Kama limepungua utuandikie kweli, usimfiche kwa kumwonea huruma, maana mkono mmoja wa koti amekataa nisiukate, ameuweka uwe wa kuongezea.

Mungu akulinde chini ya ardhi na juu yake.

Ni mimi mdogo wako, nikupendaye hata nilipokukasirikia,

Matilda Kalinga