Mlango wa Upande wa Dereva

Jumatatu, 13 Agosti 1984

Natangaza rasmi, mbele ya kuku wawili na mbuzi wa jirani, kwamba brashi yangu nyembamba ya kuandikia majina ya magari imestaafu leo saa tatu asubuhi, baada ya miaka kumi na moja ya utumishi uliotukuka. Imebaki na nywele saba. Hotuba ilikuwa fupi. Nimeitundika msumarini, juu ya kopo la rangi nyeupe ambalo nalo halina kazi. Nani anaandika jina siku hizi? Magari yenyewe yako wapi?

Halafu gari likaja.

Lori la Bedifodi, la bluu, la Mzee Maulidi. Limevutwa na trekta kutoka njia ya Ushetu. Lilikuwa limelala korongoni tangu tarehe 26 mwezi uliopita, siku lilipopinduka na shehena ya tumbaku na kumuua dereva wake, Akida. Kabini imebonyea upande wa kushoto, paa limekuwa kama sufuria iliyokaliwa na mtu mnene, digadi moja la juu ya tairi halina sura. Mlango wa dereva tu ndio mzima. Hata kioo hakijavunjika.

Mzee Maulidi anataka nilinyooshe na kulipaka rangi kabla ya arobaini ya marehemu, tarehe 3 Septemba. "Watu walione linang'aa, fundi Maduhu. Wasije wakasema gari langu lina mkosi."

Nikasema sawa. Fundi bodi anakataa bati lililopinda? Ni kama mganga kukataa mgonjwa kwa sababu anaumwa.

Jumatano, 15 Agosti

Nimeshinda nagonga paa. Nyundo juu, kipande cha reli chini. Masikio yanalia hadi sasa.

Mchana alikuja Zuwena, mjane wa Akida. Hakutoka eda ili kuja kutembea, alisema, amekuja kwa ruhusa na kwa haja moja. Amejifunika kanga mpaka machoni. Nilimwamkia Mama Mwaisha, akanijibu "mtani". Mimi Msukuma, wao Wazaramo — tumetaniana tangu babu zao na babu zetu walipokuwa wanabeba mizigo njia moja.

Haja yake: niandike AKIDA kwenye paji la uso la gari, juu ya kioo. Basi.

Nikamwambia mwenye gari ndiye msemaji. Akasema ameshamwendea. Mzee Maulidi amekataa. Amemwambia dereva aliyeruka na kumwacha utingo wake Maganga ndani hapandi juu ya kioo cha gari lake.

"Na wewe mtani, unaamini aliruka?"

Nikajifanya natafuta nyundo. Nilikuwa nimeishika.

Jumamosi, 18 Agosti

Watoto wa mtaa wetu wa Nyasubi wana mchezo mpya. Mmoja anapanda juu ya tofali, anashika usukani wa sahani ya bati, wenzake wanaimba, "Ruka Akida, ruka!" — anaruka. Nimewafukuza. Wamehamia nyumba ya tatu.

Mchezo huo mwalimu wake ni mimi. Niuandike hapa, maana daftari halisemi.

Siku ya msiba nilifanya kazi ya mtani. Nililala njiani mbele ya jeneza, nikadai faini. Jioni yake, watu wakiwa wameelemewa, nikajifunga kitenge, nikapanda juu ya kinu, nikageuka Akida: "Kwaheri Maganga! Mimi narudi zetu Kisarawe, wewe malizana na tumbaku!" — nikaruka. Watu walicheka hadi wakashikana mabega. Zuwena mwenyewe alicheka katikati ya kilio. Ndiyo kazi. Mtani asipochekesha msibani, kaenda kula bure.

Ila mtaani mzaha ule haukurudi nyumbani. Umebaki huko, umeota ndevu, sasa ni habari. Mlango ulikutwa wazi, mzima, haukuvunjika — basi aliufungua mwenyewe. Nani alisema? "Hata mtani wake alisema."

Jumanne, 21 Agosti

Maganga amekuja. Ndiye alikuwa utingo siku ile. Mtu mzima, ana wajukuu, sasa ana magongo mawili na mguu uliofungwa vijiti. "Mwangaluka, fundi." Akakaa juu ya tairi, akalitazama gari kama mtu anavyomtazama mbwa aliyemng'ata.

Nikamuuliza. Sijui kwa nini sikuwahi kumuuliza.

Anasema walikuwa kwenye kona, wanakata kushoto, mwendo wa kawaida. Akida alikuwa anamwambia, "Shika—" Neno halikuisha. Maganga akageuka, kiti kitupu. Mlango unapigapiga. Lori halina mtu, likaenda lilikotaka.

"Hakuruka, fundi. Mtu anayeruka anatazama anakorukia. Yeye alikuwa ananitazama mimi."

"Uliwaambia watu?"

"Niliwaambia nikiwa hospitali. Wakasema kichwa kimegongwa."

Nikacheka kidogo. Nikamwambia mlango ule hauwezi kufunguka wenyewe. Naujua. Niliufunga mimi, mwaka jana.

 Maganga aliomba maji, akanywa, akasema wabeja, asante ya Kisukuma, akaondoka. Magongo yake yanalia ko, ko, ko. Nimeyasikia hadi sokoni.

Alhamisi, 23 Agosti

Niandike polepole.

Mwaka jana, Novemba, mlango wa dereva wa Bedifodi hili ulioza chini. Nikapata mwingine kwenye lori bovu. Toleo jingine. Bati lina mkunjo kama mshipa: unatoka kwenye boneti, unapita mlangoni, unaishia nyuma ya kabini. Mlango ule mgeni mkunjo wake ulikuwa chini kwa kidole kimoja. Ulipofungwa, mstari unatoka kwenye boneti vizuri, unafika mlangoni unashuka ngazi, halafu unapanda tena. Aibu. Mtu yeyote angejua ni kiraka.

Nikaunyanyua. Nikakata vipande vya bati la kopo, nikavipachika kwenye bawaba, mlango ukapanda kidole kimoja. Mistari ikakutana! Mzee Maulidi alipitisha kidole kutoka mbele hadi nyuma, akasema, "Maduhu, hujasoma lakini una mkono." Akida naye akapitisha kidole. Akaufunga, ukafunga. Akapiga honi.

Leo nimeufunga nikiwa nimekaa ndani. Klik. Mlio mmoja.

Inatakiwa miwili. Klik ya kwanza ulimi wa kitasa unashika ukingo tu, ya pili ndiyo unazama. Nimeufunga kwa nguvu zaidi. Klik moja. Ulimi uko juu mno, hauwezi kufika. Nilipoupandisha mlango niliupandisha na ulimi wake.

Nikakaa kama dereva. Nikashika usukani. Nikajiambia, kona, kushoto. Nikaegemea bega la kulia kwenye mlango.

Nimeanguka chini uwanjani. Goti limechubuka. Mbuzi wa jirani ameshuhudia.

Nimekaa hapo chini muda mrefu, natazama vipande vyangu vitatu kwenye bawaba ya juu. Kimoja bado kina maandishi ya kopo la samaki. Miezi minane mtu ameendesha kwa ukingo wa ulimi, Kahama hadi Geita, mpunga, ng'ombe, tumbaku, mashimo yote yale, ili mstari wangu unyooke.

Halafu nikapanda juu ya kinu, nikamcheka.

Ijumaa, 24 Agosti

Sikufanya kazi. Nimesema mgongo.

Jumapili, 26 Agosti

Tumetoka kanisani. Nikamwambia mke wangu, Scolastika, kuna fundi mmoja Shinyanga mjini nimesikia habari zake, alifunga mlango vibaya, mtu akafa, na hakuna anayejua. Afanye nini?

Akaendelea kuchambua mchele.

"Huyo fundi ana watoto?"

"Wawili."

"Mmoja anaitwa Limi?"

 Akapepeta ungo, akatupa jiwe.

"Baba Limi, kwenye msiba ulimwambia kila mtu kwamba aliruka. Sasa wanataka kuambiwa tena."

Ugali wa leo ulikuwa mzuri. Nimekula kidogo.

Jumatano, 29 Agosti

Nimetoa vipande vyote vitatu. Nimeufunga mlango mahali pake, pale kitasa kinapotaka. Klik-klik. Nimeegemea, nimeusukuma kwa mguu, nimening'inia. Kimya. Ungekuwa hivyo Novemba, leo Akida angekuwa hapa ananiambia Wasukuma tunanuka maziwa.

Mkunjo umeshuka ngazi. Kidole kimoja.

Mzee Maulidi amekuja kukagua. Shikamoo, marahaba, akaanza na paa, akaridhika. Digadi, akaridhika. Akafika mlangoni, akapitisha kidole. Kidole kikajikwaa.

"Hii nini tena?"

"Ndivyo mlango unavyotaka kukaa, mzee."

"Gari ni langu au la mlango? Mwaka jana ilikaaje?"

Nikamwambia mwaka jana nilikosea. Nikamweleza ulimi, ukingo, klik moja.  Nilidhani nimeyamaliza. Akasikiliza mpaka mwisho, akatazama huku na huku kama kuna mtu nyuma ya kuku.

"Maduhu. Akida alikuwa mtani wako. Unamtetea, ni vizuri, ni utu. Lakini ukisema mlango wangu ulimuua mtu, kesho nani atapanda gari langu? Yamekwisha. Paka rangi."

Nikasema mlango haunyanyuliwi tena.

"Basi jaza puti, uchonge mstari mwingine juu yake."

Puti, ule ujiuji wa kuzibia bati, hakuna. Hakuna Kahama, hakuna Shinyanga, Mwanza wanasema labda mwezi ujao. Kwa mara ya kwanza namshukuru Mungu kwa uhaba wa bidhaa.

Jumamosi, 1 Septemba

Rangi. Bluu imekuja kwa basi kutoka Mwanza, imefungwa ndani ya kanga kama mtoto mchanga. Nimeichuja kwa soksi. Kompresa ya kuazima inakohoa, napuliza kwa kufuata kikohozi chake. Mikono miwili ya rangi asubuhi, mmoja alasiri. Vumbi kidogo limeingia kwenye boneti, nimelitoa kwa ncha ya kijiti.

Limependeza! Sitaki kusema hivyo lakini limependeza. Isipokuwa mlango. Bluu imekifanya kile kidole kionekane zaidi. Kila anayepita anasimama: "Fundi, mbona hapa pamepishana?" Nasema, pamepishana. Mmoja akasema macho yangu yanazeeka. Nikakubali. Mwaka jana macho yangu yalikuwa mazuri sana.

Jumatatu, 3 Septemba

Arobaini. Khitma imesomwa kwa kina Akida asubuhi. Gari limeegeshwa mbele ya nyumba, linang'aa hadi watu wanajitazama. Mzee Maulidi amekaa mkekani na wazee, ana furaha ya mtu ambaye hakuna aliyesema neno mkosi.

Nilikuwa nimesimama karibu na mlango. Nimejivisha shati jeupe. Zuwena akatoka uani na sahani ya pilau, akaja nayo mwenyewe.

"Mtani, kula. Leo hudai faini?"

Nikamwambia leo nadaiwa.

Nikamwambia yote. Hapo hapo, sahani mkononi. Akida hakuruka, Mama Mwaisha. Mlango ulimtoa. Mlango niliufunga mimi, nikaunyanyua ili mstari ukutane, ulimi haukushika. Nilimuua mimi. Kisha nikapanda juu ya kinu nikamcheka. Nilikuwa nalia. Pua inatiririka, shati jeupe lote limelowa.

Akanitazama. Midomo ikaanza kutetemeka. Nikajua sasa ananipiga, na nilitaka anipige.

Akacheka.

Alicheka kama siku ile ya msiba, mkono mdomoni, mwingine umeshika mlango wa gari asianguke. "Yaa Rabi, Wasukuma! Hata kulia mnajua!" Akawageukia wanawake uani: "Jamani, mtani anasema yeye ndiye kaua!" Wakatoka. Wakacheka. Mmoja akaniiga ninavyofuta pua. Nikasema ni kweli. Wakacheka zaidi. Nikasema wallahi, mimi Mkristo nikaapa wallahi, mmoja akakaa chini kwa kicheko. Pembeni, Maganga tu na magongo yake hakucheka. Alikuwa anautazama mlango. Anautazama ule mkunjo ulioshuka ngazi.

Zuwena akafuta machozi kwa ncha ya kanga.

"Haya, umekiri, utoe faini. Faini yako uandike jina la mume wangu hapo juu."

Watani hawakatai faini. Wazee mkekani wakapiga makofi. Mmoja akamgusa Mzee Maulidi kwa kiwiko: "Mtani katozwa!" Mzee Maulidi alikuwa ameshiba, na watu wote wanamtazama. Akainua mkono wenye mchuzi.

"Andika, bwana, andika. Arobaini ni arobaini."

Nikakimbia nyumbani. Ndiyo, nimekimbia, na goti langu hili. Nikaitoa brashi kwenye msumari, nikaizindua upya na nywele zake saba. Nikarudi na kopo. Wameshaniwekea kiti mbele ya gari. Zuwena amesimama karibu, mikono kifuani, hacheki tena, anatazama mahali jina litakapokaa. Watoto wamesogea.

Nikapanda juu ya kiti. Nikabandua kifuniko kwa bisibisi.

Rangi nyeupe imekauka mpaka chini.