Tua Mzigo Kwanza

Mjukuu wangu Neema,

Bwana asifiwe. Huku Kisondela mvua haitupumzishi, babu yako anakohoa kidogo, na parachichi zimekomaa. Umeniuliza nimewezaje kulima miaka yote bila kuugua kiuno, wakati wewe huko Dar ndoo za maji za kupandisha ngazini zimekulaza kitandani. Pole sana, mama.

Nilipoolewa, kwetu mkamwana hakuruhusiwa kukutana uso kwa uso na baba mkwe. Ukimwona njiani, unajificha. Siku moja natoka shambani na mkungu wa ndizi kichwani, baba mkwe huyo akatokea konani. Nikageuka ghafla na mzigo wangu, nikainama migombani. Kiuno kikashika palepale, kuinuka siwezi.

Mama mkwe alinikuta, akacheka mpaka akakaa chini. "We binti, wewe una mkwe. Mkungu nao una mkwe?" Kisha akanikanda kwa upole. "Siku nyingine tua mzigo kwanza, ndipo ugeuke. Na ukitaka kuinua, kunja magoti, uite mtu akutwike."

Nimeshika hayo mpaka leo. Nawe usijaze ndoo, ishike karibu na tumbo, na ugeuke kwa miguu, siyo kwa kiuno. Najua unaona aibu kuwasumbua majirani usiowazoea. Mgongee tu mmoja mlango, mwambie, "Jirani, nishikie upande huu." Asipofungua, gonga kwa mwingine. Mimi huku naomba Mungu yule wa kwanza akufungulie.

Bibi yako akupendaye.